Tupeane uzoefu: tochi uliyoingoja mwaka mzima, ikafika si ile uliyoilipia

Mwenye Kurunzi, Tabata

Wakuu, habari za jioni. Jana umeme ulipokatika nilivuta droo kutafuta tochi, mkono ukaangukia ile ambayo siitaki, na hasira niliyodhani imekwisha ikanirudia yote. Naomba tusimuliane yaliyotukuta sisi tunaolipia tochi kabla hazijatengenezwa, kwa sababu najua humu siko peke yangu.

Yangu ni hivi. Mgao wa mwishoni mwa 2023 ulipotuelemea, tulichanga fedha watu sita, tukaagiza tochi sita za toleo ambalo kiwanda kimoja cha Shenzhen kilikuwa kimelitangaza kwa mbwembwe: betri moja ya 18650 (saizi ya betri ya duara, upana milimita 18 na urefu 65) ya kutoa na kuweka, swichi ya nyuma, LED ya Nichia 519A yenye mwanga wa njano kidogo wa kelvini 4000 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga, namba ikipanda mwanga unaelekea bluu), na klipu ya kushikia mfukoni. Tuliambiwa Desemba. Desemba ilipofika, tukaambiwa LED hazijaingia kiwandani. Januari tukaambiwa tusubiri mwaka mpya wa Kichina upite, ambao 2024 uliangukia tarehe 10 Februari, na kila anayeagiza mzigo China anajua kwamba sikukuu ile huanza kabla ya tarehe yake na huisha muda mrefu baada ya tarehe yake. Februari hiyohiyo mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, wa megawati 235, ukaanza kuingiza umeme kwenye gridi. Yaani bwawa limejengwa Rufiji, limejazwa maji, limeanza kutuwashia taa, na tochi niliyoinunua kwa ajili ya mgao ilikuwa bado ni picha kwenye simu.

Ilifika Oktoba. Swichi imehamia ubavuni. Betri ni ya 21700, nene na ndefu zaidi, wakati nilikuwa nimeshanunua 18650 nne za akiba. LED tuliyoilipia haimo. Imewekwa nyingine, nyeupe ya kelvini 6500, na kikaratasi kilichomo kwenye boksi kinasema mabadiliko yamefanywa kwa kuzingatia maoni ya wateja. Wateja gani hao? Fedha nimetoa mimi, na hakuna aliyeniuliza chochote.

Karibuni.

Shemeji wa Taa

Hata mimi nimewahi kusingiziwa maoni ambayo sikuyatoa, mkuu. Pole sana.

Mama Cherehani, Manzese

Kaka wa Tabata, hilo la LED wengi watalipita haraka, lakini mimi ndilo lililonigharimu. Ninashona, na umeme ukikatika usiku wa kuamkia harusi siwezi kumwambia bibi harusi asubiri. Kwa miaka minne nilikuwa na tochi ya mwanga wa njano kidogo, ambayo rangi zote ilizionyesha kama zilivyo mchana. Ilipodondoka ikapasuka kioo, nikaagiza ileile, jina lilelile, boksi lilelile, na baada ya kusubiri miezi mitano ikaja yenye mwanga mweupe unaokaribia bluu.

Usiku huohuo nilikuwa na magauni manne ya wasimamizi, ya rangi ya damu ya mzee. Niliweka kibunda cha uzi juu ya kitambaa, nikamulika, nikaona vinalingana, nikashona mapindo yote manne hadi saa tisa. Asubuhi nilipofungua dirisha, uzi ulikuwa wa kahawia. Nilikaa kwenye kigoda nikautazama mshono mmoja baada ya mwingine, nao umenyooka vizuri ajabu. Nilifumua huku wenye magauni wakipiga simu.

Baadaye kijana mmoja alinieleza kwamba LED nyingi za bei nafuu zenye mwanga mkali mweupe hazina wekundu wa kutosha ndani ya mwanga wake, kwa hiyo rangi nyekundu iliyokolea huonekana kama udongo. Sasa mtengenezaji anayebadilisha kitu hicho bila kubadilisha jina la tochi, mimi namwita nani?

Mbishi wa Sinza

Naomba nitofautiane nanyi kwa heshima. Kariakoo tochi ya shilingi elfu kumi ipo, inawaka, ina modi tatu, na unaiona kwa macho yako kabla hujatoa hata senti. Anayempelekea laki mbili mtu asiyemjua ili amtengenezee tochi mwakani ametafuta hadithi ya kusimulia, na ameipata. Isitoshe, boksi la ya kwangu limeandikwa lumeni 90,000, yaani wingi wa mwanga.

Fundi wa Gerezani

Mkuu wa Sinza, hizo lumeni 90,000 ni za boksi. Naomba utoe betri iliyomo uniambie imeandikwa mAh ngapi, yaani inahifadhi umeme kiasi gani.

Mbishi wa Sinza

Imeandikwa 9900.

Fundi wa Gerezani

Nilijua. Betri halisi ya 18650 kwa miaka mingi imeishia kwenye mAh 3500 hivi, na ya heshima ina uzito wa gramu 45 hadi 48. Nina mzani mdogo wa kupimia dhahabu hapa mezani kwangu, na mteja akiniletea betri ya 9900 huiweka pale kabla hajamaliza kueleza shida yake. Nimeshaona ya gramu 24. Nimeshaichana moja mbele ya mwenyewe, akakuta ndani kibetri kidogo kama kidole cha mtoto na unga mweupe umejaziwa ili itikisike kidogo. Kwa hiyo ni kweli kwamba wewe hukungojeshwa, lakini hata wewe umeuziwa kitu kisicholingana na maneno yake. Tofauti yenu na mwenye uzi huu ni kwamba wewe umedanganywa kwa bei nafuu na papo hapo.

Mbishi wa Sinza

Na bado inawaka.

Kijana wa Rangi Tatu

Wakuu, nilikuwa nasoma kimya, lakini mliposema swichi imehamia ubavuni nimelazimika kuandika, na paja langu ni shahidi.

Toleo la kwanza la tochi yangu lilikuwa na swichi nyuma, imezama ndani ya ukingo, ikihitaji kidole gumba na nia. Toleo la pili lilichelewa miezi minane, na lilipokuja swichi ilikuwa ubavuni, imetuna kama upele, na ukiigusa tu na kuishikilia inapanda hadi mwanga wa juu kabisa. Nikaipenda. Nikaiweka kwenye mfuko wa mbele wa trakisuti ya nailoni, nikapanda daladala Kariakoo saa moja jioni kurudi Mbagala. Mnaijua njia ya Kilwa saa moja jioni. Nilisimama, mkono mmoja juu kwenye bomba, mkono mwingine umekamata mkoba wangu, na mbele yangu kulikuwa na mama aliyepakata hotpoti kubwa, ambayo ilinigandamiza pajani kila dereva alipofunga breki.

Tulipopita Uhasibu nilisikia joto. Nikasema moyoni kwamba mama huyu amebeba chakula cha moto, nikajisogeza nusu hatua, kwa sababu zaidi ya hapo hapakuwa na pa kwenda. Joto likazidi. Nilianza kumtazama yule mama kwa jicho baya, naye akaanza kunitazama kwa jicho baya zaidi, maana yeye alikuwa anaona kitu ambacho mimi sikukiona: mfuko wangu ulikuwa unang'aa. Nailoni nyembamba, mwanga wa lumeni elfu moja na zaidi, inaonekana hadi nyuzi za kitambaa. Kisha ikaja harufu. Mtu wa siti ya nyuma akapaza sauti kwamba simu inalipuka, na gari zima likainuka kwa pamoja.

Nikatia mkono mfukoni, nao haukuingia, kwa sababu kitambaa kilikuwa kimeyeyuka kikashikana na kichwa cha tochi. Konda alifungua mlango gari likiwa bado linatembea, akanisukuma chini kwa nguvu za mtu anayeokoa gari la tajiri wake, nami nikasimama pembeni ya barabara nikipigana na mfuko wangu mwenyewe, huku mwanga ukimulika juu kunipiga kidevuni. Hatimaye niliuchana. Nina kovu la ukubwa wa sarafu ya mia tano.

Niliwaandikia watengenezaji. Walinijibu kwa adabu nyingi kwamba nilipaswa kuifunga kwa kubonyeza mara nne mfululizo kabla ya kuiweka mfukoni, kama kijitabu kinavyoeleza. Kijitabu hicho kimeandikwa kwa herufi ambazo mtu hawezi kuzisoma bila tochi.

Shemeji wa Taa

Ulishushwa kituo gani?

Mama Cherehani, Manzese

Pole mwanangu. Kovu hilo ulipakwa dawa ya hospitali, au ndiyo yale ya dawa ya meno?

Mbishi wa Sinza

Yangu ya elfu kumi haina nguvu ya kuyeyusha hata ubani, na leo nimeanza kuliona jambo hilo kuwa sifa.

Mwanafunzi wa Umeme

Ninavyojua, tochi hizi zina kifaa cha kupima joto kinachopunguza mwanga zikichemka. Ilikuwaje iunguze?

Fundi wa Gerezani

Kifaa hicho kinailinda tochi, hakilindi paja. Kichwa kikifika nyuzi 50 tochi hujiona iko salama kabisa, lakini nyuzi 50 zikigandamizwa kwenye ngozi kwa dakika kadhaa zinaunguza mtu mzima. Zaidi ya hapo, mwanga wenyewe ukizuiwa na kitambaa mbele ya kioo hugeuka joto palepale, na nailoni haivumilii. Dawa yake ni rahisi: legeza kifuniko cha nyuma robo mzunguko kila unapoiweka mfukoni, umeme unakatika, unatembea kwa amani.

Kijana wa Rangi Tatu

Fundi, nililegeza baada ya tukio. Inawaka vilevile.

Fundi wa Gerezani

Basi wamebadilisha na hilo. Hesi za kifuniko zikiwa na rangi isiyopitisha umeme, kulegeza kidogo kunatosha. Zikiachwa aluminiamu tupu, umeme unaendelea kupita hadi kifuniko kikaribie kutoka chote. Toa betri tu.

Shemeji wa Taa

Mimi huigeuza betri kichwa chini miguu juu, nalala usingizi.

Fundi wa Gerezani

Usimshauri mtu hivyo, ndugu yangu. Si kila saketi ina kinga ya betri iliyogeuzwa, na isiyo na kinga inaungua mara moja.

Mwenye Kurunzi, Tabata

Wakuu, namhurumia kijana wetu, lakini nawaomba turudi kwenye kucheleweshwa na kubadilishiwa. Je, kuna aliyewahi kudai fedha yake akarudishiwa?

Wakala wa Mizigo

Nimewahi kurudishiwa nusu, baada ya kubadilishana barua pepe kwa wiki sita. Ila naomba niwatetee kidogo kwenye ucheleweshaji, si kwenye kubadilisha. Tangu Aprili 2016, betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kuwa mzigo kwenye ndege za abiria, na kwenye ndege za mizigo sharti ziwe na chaji isiyozidi asilimia 30. Kwa hiyo mtengenezaji akiamua kuongeza betri ndani ya boksi ili kuwapendeza wateja, tochi iliyokuwa ije kama kipande cha aluminiamu inageuka mzigo wenye masharti, na karatasi zake zinaanza upya. Hapa nako kuna VAT ya asilimia 18, ambayo mtu aliyechanga fedha na wenzake watano mara nyingi hakuiweka kwenye hesabu, kisha anakuja kunigombeza mimi.

Mwenye Kurunzi, Tabata

Hatukuiweka. Yaacheni hayo.

Mvuvi wa Kunduchi

Nami nina la kwangu, ila ni fupi. Nilihitaji tochi ya kupiga mbali, ya kutafuta boya la jarife usiku. Kwenye tangazo iliandikwa kandela 40,000, kipimo cha ukali wa mwanga unaopiga mbele. Ukichukua mzizi wa namba hiyo, ambao ni 200, ukazidisha kwa mbili, unapata mita 400, ambako mwanga hubaki kama wa mbalamwezi. Walipoitoa, baada ya kuisogeza mbele mara tatu, kiakisi kilichokuwa laini kama kioo kilikuwa kimegeuzwa kuwa na vinundunundu kama ganda la chungwa, ili mwanga utawanyike uwe mzuri kwa watu wa ndani ya nyumba. Lumeni ni zilezile, hakuna uongo hapo, ila zimemwagwa miguuni pangu. Sasa inamulika chombo chote vizuri sana, na boya silioni.

Mwanafunzi wa Umeme

Yangu haichaji nikitumia waya wenye USB-C pande zote mbili, lakini nikitumia waya wa zamani wenye kichwa kipana inachaji. Toleo lililotangulia lilichaji kwa waya wowote.

Fundi wa Gerezani

Wametoa rizista mbili za kilo-omu 5.1, vipande vidogo vya kuzuia umeme, kwenye tundu la kuchajia. Chaja ya kisasa isipoziona hizo haitoi umeme, inadhani hakuna kitu. Rizista zenyewe bei yake ni ya pipi. Niletee, nitazibandika, ingawa ni ndogo kuliko punje ya mtama na sikuahidi kwamba sitapoteza moja sakafuni. Na wewe wa Tabata usizitupe 18650 zako: kuna bomba la plastiki la kuzivalisha zienee kwenye nafasi ya 21700, na kwa kuwa zina upungufu wa milimita tano kwa urefu, utaweka na kipande kidogo cha shaba nyuma. LED nayo naweza kukubadilishia, ukiipata hiyo ya kelvini 4000.

Mbishi wa Sinza

Hapo usimsikilize fundi. Ukishaanza kubadilisha LED, betri na rizista, umenunua tochi mara mbili.

Mama Cherehani, Manzese

Fundi, mimi nakuja Jumamosi na yangu. Nitakuja na kipande cha kitambaa cha damu ya mzee, tukipimie hapohapo mezani kabla sijakulipa.

Mwenye Kurunzi, Tabata

Nami nitakuja Jumamosi hiyohiyo. Wenzangu watano wamesema niwachukulie na zao.

Shemeji wa Taa

Kijana wa Rangi Tatu bado hajatujibu alishushwa kituo gani.

Kijana wa Rangi Tatu

Mtongani. Na nauli sikurudishiwa.