Nimefunga breki kubwa mbele, pedeli imekuwa ndefu na gari inasimama kwa kishindo

GiaYaTano:
Wakuu habari zenu. Nina sedani ya kawaida tu, juzijuzi nimebadilisha breki za mbele, nimetoa kalipa (zile zinazobana pedi kwenye diski) za pistoni moja nikafunga za pistoni nne na diski kubwa, pedi nazo za spoti, nyuma sijagusa kitu. Kwenye spidi mambo safi kabisa, inakamata mpaka raha. Shida ni foleni. Pedeli inashuka shuka hamna kitu halafu ghafla inang'ata, na pale mwisho kabisa pua inazama, abiria wote wanaitikia kwa vichwa kama wako kwenye mahubiri. Mke wangu siku hizi anakaa siti ya nyuma. Fundi aliyefunga anasema nitazoea. Hivi breki zikiwa kubwa si ndio gari isimame kwa ulaini zaidi?

MkonoWaOili:
Mkuu kwanza upepo. Ukikanyaga haraka haraka mara mbili tatu pedeli inapanda? Kama inapanda basi kuna uwezekano mkubwa upepo umebaki humo ndani ya mafuta ya breki. Angalia vile viskrubu vya kutolea upepo viko juu au vinaangalia chini, maana kalipa ya kulia ikifungwa kushoto skrubu inakaa chini, upepo unapanda juu ya kalipa na hapo utapampu mpaka kesho hautoki. Halafu hizi za pistoni nne nyingi zina skrubu mbili kila kalipa, ya nje na ya ndani, mafundi wengine wanatoa ya nje tu kwa sababu ndiyo wanayoiona.

SilindaKuu:
Upepo uangaliwe ndiyo, ila hata ukitoka wote pedeli yako inaweza kubaki ndefu kuliko zamani na hiyo sio ugonjwa, ni hesabu. Chukua mfano kalipa ya zamani ina pistoni moja ya milimita 54, eneo lake ni kama milimita za mraba 2290. Mpya ina pistoni nne, mbili za 44 na mbili za 40, kwenye kalipa kama hiyo yenye pistoni pande zote mbili unahesabu upande mmoja tu (moja ya 44 na moja ya 40) kwa hiyo ni kama 2780. Umeongeza karibu asilimia 21. Masta silinda (ile pampu inayosukumwa na pedeli) ni ile ile, sasa ili isukume pistoni zote hizo inabidi itume mafuta mengi zaidi, na mafuta yanatoka wapi kama sio kwenye mguu wako kwenda chini zaidi. Ukizipata kalipa ambazo eneo lake ni dogo kuliko la zamani inakuwa kinyume chake, pedeli fupi na ngumu, watu wanasifia "breki kali" kumbe wanakanyaga kwa nguvu zaidi kupata kusimama kule kule.

Sasa juu ya hiyo asilimia 21 weka diski kubwa, pedi inashika mbali zaidi na kitovu cha gurudumu, nguvu inaongezeka tena. Kwa hiyo mguu ukisogea kidogo tu mbele panajibu kwa nguvu, nyuma pamebaki pale pale. Ndio maana inazama pua. Na kwenye barabara yenye utelezi magurudumu ya mbele yatataka kujifunga mapema, ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga) inaanza kugonga wakati ya nyuma hayajafanya kazi yoyote ya maana. Kinachosimamisha gari mwisho wa siku ni tairi, breki kubwa faida yake kubwa ni kuhimili joto, sio kusimama kwa upole.

BibiUsukani:
Nakubaliana na aliyetangulia ila mnasahau pedi jamani. Pedi za spoti nyingine zikiwa baridi hazishiki vizuri, na kwenye foleni ziko baridi muda wote, ndio unaongeza mguu halafu zinashika zote kwa mpigo. Tena pedi nyingi mshiko wake unapanda spidi inapokufa, yaani pale pale unapotaka ulaini. Kama huendi kwenye mashindano rudisha pedi za barabarani kwenye kalipa hizo hizo, utashangaa. Na zizoeshwe vizuri na diski zikiwa mpya, unapunguza spidi kwa kukanyaga imara mara kadhaa bila kusimama kabisa, kisha unaendesha zipoe. Ukisimama na kushikilia pedeli diski ikiwa ya moto pedi inaacha alama, baadaye usukani ukitetemeka watu wanasema diski imepinda.

Mguu nao: kabla gari haijasimama kabisa legeza pedeli kidogo kidogo. Springi za mbele zimebanwa na uzito, usipolegeza zinaachiwa zote mara moja gari inapotulia, hicho ndicho kishindo chenyewe.

GiaYaTano:
Asanteni sana. Nimeingia chini, skrubu zote zinaangalia juu ila za ndani hazijaguswa kabisa, bado zina vumbi la kwenye boksi. Nikishatoa upepo je ninunue masta kubwa au nianze na mipira ya breki ya kusuka kwa waya?

SilindaKuu:
Mipira ya waya haitanuki kirahisi, pedeli itakaza kidogo hasa kama ya zamani imechoka, lakini ile hesabu ya mafuta haibadiliki. Masta ukitoka kipenyo cha milimita 22.2 kwenda 23.8 eneo linaongezeka kama asilimia 15, pedeli inafupika ila presha inashuka mbele na nyuma kwa mguu ule ule, kwa hiyo hizo za nyuma zitazidi kulala. Mimi ningeanza na upepo na pedi, masta isubiri. Mafuta ya breki weka DOT 4 mapya, usichanganye na DOT 5, hiyo ni silikoni.

MkonoWaOili:
Anza na kalipa iliyo mbali na masta halafu urudi karibu, ukishindwa uliza tena hapa. Na angalia kopo la mafuta ya breki lisikauke katikati ya kazi, utavuta upepo mwingine uanze upya.