Mtoto ana pumu: nihamie Malindi?

Mama Salma: Assalaam aleikum. Mwanangu wa miaka 7 ana pumu, na usiku kifua humbana hadi akaketi kitako akitafuta pumzi. Tunaishi Mkomani, Lamu, katika nyumba ya mawe ambayo kuta zake hushika unyevu msimu wa kusi. Naomba ushauri: nihamie Malindi?

Nahodha Mstaafu: Binti yangu, chunguza punda. Miaka mingi nilipiga chafya nikilaumu kaskazi, kumbe zizi lilikuwa chini ya dirisha langu. Nilipohamia chumba cha juu nikapata nafuu.

Bint Shela: Dada, kwanza tuambie ndani kunawaka nini: sigara, kuni, dawa ya mbu, udi? Moshi wowote huchokoza njia za hewa zilizokwisha kuvimba, vivyo hivyo ukungu wa ukutani na vijidudu vya vumbi vinavyokaa godoroni, na godoro utahama nalo.

Mama Salma: Havuti mtu sigara. Udi natengeneza wa kuuza: naupika kwa makaa, sukari ikiiva natia sandali na marashi, kisha nachoma kipande chetezoni ili mteja aunuse. Mtoto hulala chumba hicho hicho. Lakini bibi yangu aliifanya kazi hii maisha yake yote wala hakuna aliyeugua, karo inatoka humo, na kodi ya Malindi nimeshalipa.

Mwana wa Amu: Mimi sisadiki. Nyumba za mawe za Mkomani zina viwanda, yaani nyua za ndani, na vyumba kadhaa, huyu analala na jiko? Akaunti imefunguliwa leo. Nahofia kesho tutauziwa dawa ya pumu.

Mama Salma: Nimepanga chumba cha chini katika nyumba ya watu, ndugu yangu. Siuzi dawa.

Mama Wawili: Tusimtuhumu mzazi mwenye mgonjwa. Mwenzangu, inhela ya bluu, ile ya kuvuta dawa kwa mdomo, hufungua kifua kwa muda tu. Hakupewa ya kuzuia, ya kila siku?

Mama Salma: Alipewa, nikaisimamisha, kwa sababu wazee walisema mwili utaizoea.

Bint Shela: Haileti uraibu. Ina steroidi kidogo ya kupunguza uvimbe, nayo hufanya kazi ikitumiwa hata siku ambazo mtoto ni mzima. Mrudishe kliniki kabla ya safari, na udi upikwe nje.

Mama Salma: Kliniki tutakwenda kesho. Jiko nitamwomba mwenye nyumba niliweke nje, juu darini. Kodi ya Malindi hairudishwi, kwa hiyo safari ipo.