MJADALA: Sarafu za fedha za Wagiriki wa kale ziuzwe minadani bila kuulizwa zimetoka wapi?

Mleta mada: Wadau, wanaotetea biashara hii wana hoja moja kubwa: sarafu ilitengenezwa izunguke mikononi mwa watu, si kama sanamu iliyong'olewa hekaluni, basi mwenye pesa aachwe anunue. Napinga.

Tazameni tetradrakma ya Athens, yaani sarafu ya fedha ya drakma nne, kichwa cha mungu wa kike Athena upande huu, bundi upande ule, gramu 17 na ushee. Fedha yake ilichimbwa na watumwa kwenye migodi ya Laurion, karibu na Athens, ikapokelewa hadi Misri na Syria. Nyingi zilizokutwa huko zimechanjwa kwa patasi, maana wafanyabiashara walitaka kuhakikisha ndani ni fedha tupu. Habari hiyo ya biashara tunaipata kwa kujua sarafu ilifukuliwa wapi, pamoja na nini.

Mwaka 1984, karibu na Elmalı, Uturuki, watu wenye mashine za kutambua metali walifukua sarafu zipatazo 1,900 za karne ya 5 KK, zikiwemo dekadrakma (sarafu za drakma kumi) 14 za Athens, ambazo ni adimu mno. Zikatoroshwa. Nyingi zilinunuliwa na William Koch wa Marekani na washirika wake, na Uturuki ikahangaika mahakamani tangu 1989 hadi ziliporejeshwa 1999. Zilikuwa faida ya biashara, mshahara wa askari, au mchango uliotozwa kwa ajili ya vita? Wanazuoni wanabishana, kwa kuwa waliofukua hawakuandika chochote. Hasara hiyo hakuna mahakama inayoweza kuilipa.

Mchangiaji: Mkuu, tetradrakma za bundi zipo maelfu, na makumbusho yana makabati tele yasiyofunguliwa. Wakusanyaji binafsi wamesaidia sana kuzipanga kwa mihuri iliyotumika kuzipiga chapa. Ukibana, biashara itajificha. Uingereza, kwa sheria ya 1996, anayeokota hazina anatoa taarifa na kulipwa. Kwa nini kusiwe hivyo kwingine?

Mleta mada: Hilo la Uingereza naliunga mkono, ndugu yangu, kwa sababu taarifa inatangulia malipo. Sitaki marufuku. Nataka sarafu isipigwe mnada bila karatasi zinazoonyesha ilitoka nchini kwake kihalali, au ilishatoka kabla ya mkataba wa UNESCO wa 1970 wa kuzuia magendo ya mali za kitamaduni. Kama zipo maelfu kama usemavyo, mnunuzi mwema hatakosa yenye karatasi. Anayeikataa sharti hii aseme inamnyima nini.