Dude la Mjomba

Mjomba Saidi: [picha] Oneni hili dude jamani, shingo kama twiga!! Wavuvi wa Kijapani walilivua wakalitupa tena baharini fasta kwa kuogopa mkosi. Mkiambiwa bahari ina mambo mnacheka

Shangazi Rukia: Subhanallah 😳 afu mtu anaenda kuogelea

Neema: Shkamoo Mjomba. Hiyo picha ni ya 1977, meli ya Zuiyo-maru, karibu na New Zealand. Mkosi wapi, lilikuwa linanuka wakaona litawaharibia samaki wao

Mjomba Saidi: Marahaba. Kwani dude halinuki?

Neema: 😂 Ni papa huyo. Kuna papa mkubwa sana anaogelea mdomo wazi anachuja vidudu vya majini, mtu hana habari naye. Sasa akifa akaanza kuoza, taya linadondoka, matamvua nayo yanaondoka, kinabaki kifuvu kidogo na uti wa mgongo, ndo hiyo shingo yako. Na kabla hawajalitupa walichukua nyuzi za kwenye pezi zikaenda kupimwa, zikafanana na za huyo huyo papa

Idi: Kumbe twiga ni papa asiye na mashavu 🤣🤣

Mjomba Saidi: Haya, na lile la mikono mingi linalozamisha meli, nalo limeoza?

Neema: Hilo lipo, ila kuzamisha meli ndo chumvi. Ni ngisi, anafika hata mita 12 ukipima na ile minyiri yake mirefu, jicho tu sentimita 27. Zamani watu walikuwa wanaokota vipandevipande tu ufukweni, ukiokota mnyiri peke yake si unamalizia mwenyewe kichwani?? Mpaka 1857 Steenstrup, mtaalamu wa wanyama wa Denmark, akaangalia mdomo wake, uko kama wa kasuku, akasema jamani huyu ni ngisi

Idi: jicho sahani nzima 😭

Neema: Na kupigwa picha akiwa hai kwake huko chini ni 2004, Wajapani walishusha kamera na chambo mita 900 hivi. Akanasa, akahangaika zaidi ya saa nne mpaka mnyiri ukakatika. Wakauvuta juu, mita 5 na nusu, upo kwenye sitaha peke yake na bado unang'ang'ania vidole vya watu

Shangazi Rukia: Basi Neema inatosha nataka kulala

Shangazi Rukia: Ila nguva je, wale wa nywele

Neema: Shangazi nguva ni mnyama, ananyonyesha, matiti yapo karibu na kifua ndo maana watu wakachanganya. Columbus 1493 aliona watatu, nadhani walikuwa ndugu zake nguva wa upande wa Amerika, akaandika kwamba si wazuri kama wanavyochorwa

Mjomba Saidi: Huyo hakuangalia vizuri. Wa kwangu alikuwa mzuri

Shangazi Rukia: Wa kwako yupi shemeji, na wewe maji yakifika magotini unapiga kelele

Idi: 💀💀

Mjomba Saidi: Nilikuwa kwenye boti