Naombeni ushauri: nibadilishwe goti au nivumilie?

GotiLaZamani: Wakuu habari, wakubwa shikamooni. Nina miaka 43, goti la kulia nilivunja nikiwa na 22, ufa ukaingia mpaka ndani ya kiungo wakafunga chuma na skrubu. Likapona nikacheza mpaka mpira, ila sasa gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, limeisha, eksirei inaonyesha mfupa juu ya mfupa, ngazi nashuka kinyumenyume kama nashuka mtini. Dokta kasema tubadilishe goti lote, ni wiki 2 zijazo. Usingizi hauji. Nifanye au nisubiri uzee?

BintiMkubwa: Pole kaka. Mama alibadilishwa yote mawili, mwezi wa tatu akaacha mkongojo. Ila mazoezi weee, nesi anakunja goti, mama anakunja shuka mdomoni. Sasa hivi hakai nyumbani, kazi kutusema kwa majirani.

MzeeWaHoja: Vijana mnakimbilia visu. Punguza uzito, acha na ugoro.

GotiLaZamani: Mzee wangu nina kilo 68, nipunguze nini, masikio? Na ugoro situmii.

NesiMstaafu: Mwanangu, magoti bandia mengi hufika miaka 15, 20 na zaidi, ila ukiwekewa mapema unaweza kurudi kufumuliwa, na kazi ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza. Hicho chuma bado kimo? Na umechomwa sindano gotini karibuni?

GotiLaZamani: Chuma kimo, dokta anajua.

NesiMstaafu: Nimeuliza na sindano.

GotiLaZamani: Ndiyo mama, steroidi, ya kutuliza uvimbe, wiki 3 sasa, nilichomwa hospitali nyingine baada ya maumivu kuzidi. Huyu wa upasuaji sijamwambia maana ataahirisha, na likizo nimeshapewa, wa kuniuguza kashapatikana. Halafu uvimbe umeisha kabisa, si goti ndio liko tayari?

NesiMstaafu: Uvimbe umeisha kwa sababu sindano imelaza kinga ya hapo. Wapasuaji wengi wanataka miezi 3 ipite kwanza. Wadudu wakishika goti bandia si vidonge vya siku 5 hivyo, linaweza kung'olewa lote ukakaa miezi unatibiwa ndio uwekewe jingine.

ShahidiKimya: Hii chai. Mwezi jana huyu huyu alileta uzi anatafuta viatu vya mbio za kilomita 10. Gegedu limeisha, mbio za nini?

Kijiti: Chai yenyewe haina hata sukari 😂

GotiLaZamani: Vilikuwa vya mwanangu! Njoo ushike hili goti nikilikunja, linasaga kama kokoto kwenye kopo.

ShahidiKimya: Mtoto anavaa namba 44?

GotiLaZamani: Ana miaka 19 ulitaka avae ndala za chekechea??

MzeeWaHoja: Mi nilishasema, ugoro.

NesiMstaafu: Acheni viatu. Wewe, umempigia daktari?

GotiLaZamani: Nikimtumia meseji si inatosha mama? Nikipiga ataanza kuniuliza maswali.