Naomba ushauri: tumealikwa kupiga ngoma ya sindimba kwenye maandamano ya kutetea mikoko

Habari zenu wakuu. Tuna kikundi cha ngoma huku Mikindani, Mtwara. Riziki yetu ni harusi na mialiko ya serikali. Sasa vijana wa mtaani wanataka kuandamana kupinga ukataji wa mikoko. Kuna mtu kafyeka kipande kizima achimbe majaruba ya chumvi, na kinamama waliokuwa wakiokota chaza pale wanarudi na ndoo tupu. Wimbo tumeshautunga, mkali kwelikweli.

Najua polisi wanatakiwa wapewe taarifa ya maandishi saa 48 kabla. Je, barua ya waandaaji inatukinga na sisi wapiga ngoma, au tuandike yetu? Na usajili wetu wa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) hauwezi kuguswa? Mzee wetu anahofia mialiko ya serikali itakatika (hofu yake naielewa, ana wajukuu wanasoma).

Halafu hili la kiufundi: sindimba inachezwa duarani, ngozi za ngoma zikikazwa kwa kupashwa moto. Tukitembea, upepo wa bahari unalegeza ngozi njiani. Tupande pickup na jiko la mkaa, au tuwasubiri uwanjani?

Aliyewahi kufanya hivi anijuze, tafadhali.