Tunatumwa Karamoja: maji, fedha na shule ya watoto

Kutoka: Mwinjilisti, Njombe

Bwana Yesu asifiwe wapendwa mlioko Uganda.

Dayosisi imenipangia utume Karamoja, upande wa Napak. Ninakuja na mke wangu na watoto wawili, mmoja anaingia darasa la nne na mwingine yuko chekechea. Tukijaliwa tutavuka Mutukula Januari. Barua ya mwaliko ninayo na kibali wanakishughulikia wenyeji wetu. Kinachonisumbua ni maisha yenyewe. Semina tuliyopewa ilikuwa theolojia tupu, pamoja na picha za wamisionari wa zamani na kofia zao za jua. Kwa hiyo naomba msinicheke: tubebe nini, watoto wasome wapi, fedha tuzipokeeje, na je, Kiswahili kitanivusha hadi nitakapojifunza lugha ya wenyeji? Mzee wetu wa kanisa ananiambia niende tu, Mungu atatangulia. Amina, ila mke wangu anataka kujua kama kuna maji.

Kutoka: Mama Mchungaji, Napak

Asifiwe sana, mwinjilisti. Karibuni. Nianze na mama, maana ndiye aliyeuliza la maana.

Maji yapo, ya kisima cha pampu ya mkono. Madumu ya njano yanapangwa foleni kabla hakujapambazuka na kila mtu analijua la kwake. Mama asitume msichana siku za mwanzo, aende mwenyewe. Pampu ni nzito, watamcheka, kisha watamsaidia, na pale kisimani ndipo atakapojua nani amejifungua, nani amefiwa na nani hasemi na nani. Mume wangu hupata habari za usharika kutoka kwangu, nami nazipata kisimani.

Mvua huku ni msimu mmoja, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba. Kiangazi kikikaza, vijana na wanaume wanahama na ng'ombe kufuata malisho, na Jumapili unabaki na akina mama, wazee na watoto. Usije ukaandika kwenye ripoti kwamba waumini wamerudi nyuma. Wamefuata majani, watarudi.

Sasa pikipiki, maana najua watakupa. Kwenye karatasi itaandikwa ni ya uinjilisti, lakini haitamaliza mwezi kabla haijawa gari la wagonjwa. Utagongewa usiku wa manane: kuna mwanamke ana uchungu na kituo cha afya kiko mbali. Unamweka katikati, mama mkwe wake anapanda nyuma kumshikilia, mnaondoka. Kama mvua imenyesha, ule udongo mweusi unajaa kwenye matagadi hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Mnashuka wote, mgonjwa anakaa pembeni akigumia, wewe unakwangua tope kwa kijiti huku mama mkwe amekushikia tochi na kukuelekeza utadhani yeye ndiye fundi. Matibabu kwenye vituo vya serikali hayalipiwi tangu 2001, lakini dawa na vifaa vinakwisha, na mara nyingi unaambiwa uje na vyako. Kwa hiyo nyuma ya mlango wangu kuna mfuko umening'inia muda wote: glavu, wembe mpya, uzi, pamba, kipande cha nailoni, sabuni, kanga ya kumfunika mtoto. Mwambie mama aandae wa kwake kabla hajapanga hata vyombo.

Kuna siku utaombwa kubeba maiti pia. Hili lamueni mapema na wazee wa kanisa: mafuta ya safari hizo yanatoka wapi, na nani anasema ndiyo au hapana. Kwetu nusu inatoka kwenye sadaka, nusu kwa familia, hata kama watalipa kwa mtama baada ya mavuno, na anayeamua ni mzee wa zamu. Mchungaji akiamua peke yake, kila atakayemkatalia atahesabu kwamba amenyimwa na mgeni.

Maana mgeni utabaki mgeni, mwinjilisti. Wengi wanakuja wakidhani kwa kuwa sisi ni Waafrika basi tutaonekana ndugu kuanzia siku ya kwanza. Karamoja imepita miaka mingi ya njaa na misaada, na magari yaliyoandikwa milangoni yamezoeleka. Aliyetoka mbali na kupanga nyumba lazima ana kitu cha kugawa. Wewe mwenye posho inayochelewa utaulizwa mradi wako unaanza lini. Usikasirike wala usijitetee. Omba kipande cha shamba ulime mtama. Mume wangu alipoanza kulima, wazee walikuja kusimama pembeni wakamkosoa palizi yake mstari kwa mstari, na tangu hapo wakawa wanapita hata pasipo na shida ya kuomba. Mazungumzo ya Akuj, ndivyo wanavyomwita Mungu, yalianzia hapo shambani, wakiyaleta wenyewe.

Kutoka: Mkenya, Kaabong

Hamjambo wapendwa. Mimi ni Mturkana wa upande wa Lodwar, kwa hivyo lugha haikunitesa. Kiturkana na Kikarimojong vinasikilizana. Nimjibu ndugu kuhusu Kiswahili.

Moroto mjini kinatosha kabisa. Sokoni, gereji, kwa polisi, utaongea hadi ujisahau. Serikali hapa iliidhinisha Julai 2022 kifundishwe shuleni kwa lazima, na watoto watakusalimu nacho. Lakini ukiingia kijijini kwa mzee, hiyo ndiyo lugha ya jeshi. Wakati wa kunyang'anya watu bunduki, 2001 na tena kuanzia 2006, vijiji vilizingirwa alfajiri na amri zilitolewa kwa Kiswahili. Wewe utasema "keti hapa" kwa upole wote wa Njombe, yeye atasikia mengine.

Jifunze salamu kabla ya mahubiri. Ejoka, unajibiwa ejok. Asante ni alakara. Mkalimani usimchague kwa sababu ya Kiingereza chake. Uliza kwanza kama wazee wanamsikiliza. Wanaume huku wanakwenda kwa rika, na kwenye mikutano yao kila rika lina mahali pake. Ukialikwa, kaa pale utakapoonyeshwa, na usifungue Biblia hadi uulizwe umekuja na neno gani. Watakuuliza.

Kutoka: Mwalimu, Masaka

Shalom. Ndugu wa Kaabong yuko sahihi kwa huko kwao, ila asimtishe mgeni kwa Uganda nzima. Ukivuka Mutukula na kupita Kyotera hadi Masaka, utakutana na wazee wanaokumbuka askari wa Tanzania wa 1979. Wakijua umetoka huko, watakuuliza habari za Nyerere kana kwamba ulikuwa jirani yake. Tena Injili yenyewe ilifika nchi hii kwa msaada wa Kiswahili. Waanglikana wa CMS, chama cha wamisionari cha Uingereza, waliofika 1877 na Wakatoliki wa Mapadre Weupe waliofuata 1879 walitokea pwani ya kwetu, na mazungumzo ya mwanzo katika kasri la Mutesa, kabaka wa Buganda, yalipita kwa Kiswahili, maana wafanyabiashara wa Zanzibar walikuwa wamekwisha kukifikisha. Na wasikwambie utume ni wa kutoka Tanzania kuja huku tu: Festo Kivengere wa hapa Uganda, aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi, miaka ya 1940 alikwenda kufundisha Dodoma.

Nije kwenye shule, ndiyo kazi yangu. Mwaka wa masomo unaanza karibu Februari, mihula mitatu, msingi ni P1 hadi P7 na mtihani wa PLE mwishoni. Wa chekechea usimwazie, baada ya miezi michache ndiye atakayekufasiria. Wa darasa la nne ndiye mtihani. Shule za serikali vijijini hufundisha P1 hadi P3 kwa lugha ya mahali na P4 ndiyo mwaka wa kuhamia Kiingereza. Kama ametoka shule ya Kiswahili, watataka kumrudisha P3 au hata P2. Mkubalie mwalimu mkuu akisema P3, usigombane. Wengine watakushauri bweni, Mbale au Soroti, kwa kuwa ufaulu uko juu. Kwa mtoto wa umri huo, nchi ngeni, lugha mbili mpya, mimi nakataa. Asome na watoto wa kijijini, jioni mumwongezee Kiingereza nyumbani. Bweni lipo tu, hata akifika P6.

Kutoka: Bruda, Kotido

Tumsifu Yesu Kristo. Yangu ni mafupi, fedha.

Sajili laini kwa pasipoti mara tu ukivuka, katika duka la kampuni yenyewe. Usikubali laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu. Siku ikifungiwa, na posho yako imefungiwa humo. Kutoa fedha kwenye simu kuna kodi ya asilimia 0.5 juu ya makato ya kawaida, na wakala wa kijijini mara nyingi hana taslimu. Siku nzuri ni ile inayofuata mnada wa ng'ombe. Noti ya 50,000 ivunje mjini kwenye kituo cha mafuta, kijijini hakuna atakayekurudishia chenji.

Jumapili baada ya ibada kuna mnada wa sadaka: yai, kuku, kibuyu, debe la mtama. Yai moja linaweza kununuliwa hata mara tatu, maana aliyelinunua analirudisha mezani. Usipandishe bei kumpita bibi aliyekuwa analitaka. Kila mtu ataona.

Na kadi ya chanjo ya homa ya manjano msiiache, mpakani wanaiuliza.

Kutoka: Mwinjilisti, Njombe

Mbarikiwe sana. Nimemsomea mke wangu yote, mfuko wa nyuma ya mlango ameanza kuuandaa leo. Mwalimu, la bweni tumelifuta. Anauliza mawili: abebe mablanketi? Na mbegu za viazi je, tuna nzuri sana huku.

Kutoka: Mama Mchungaji, Napak

Mwambie blanketi moja kwa kila mtu, ukikaa karibu na mlima usiku una upepo. Mbegu aache. Viazi mviringo havitaliweza jua la huku, na mpakani watamsumbua kwa mimea. Sokoni vinaletwa kutoka Kapchorwa, ghali kidogo. Badala yake abebe vyandarua, taa ya sola yenye sehemu ya kuchajia simu, na cherehani kama anayo, hata ya mkono. Mtupigie mkifika Soroti. Mume wangu huenda huko kununua vipuri, anaweza kuipanga safari yake siku hiyohiyo na kuwabebea mizigo.